Lenzi pana ya bei nafuu kwenye fulfremu: tuanze na tochi na mkeka

Ukumbi ulikuwa Sinza, mdogo, meza zimebanana, na mbele yangu walikuwa ndugu kumi na wawili wa bwana harusi wamejipanga mstari mmoja bega kwa bega. Mama mkubwa kashasema wote waonekane, asikatwe mtu. Kwenye kamera nilikuwa na 35mm. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagusa ukuta, mita nne na nusu hivi kutoka walipo, na bado watatu walikuwa nje ya picha. Nikawapanga safu mbili, picha ikatoka, ila mama mkubwa hakuipenda na mimi pia sikuipenda. Jumatatu asubuhi nilikuwa mjini natafuta lenzi pana.

Nikapata moja ya bei nzuri sana, imeandikwa 10-18mm. Muuzaji akasema hii inaingia kwenye kamera yako, na kweli iliingia, ikakaza vizuri. Nimefika nyumbani nawasha kamera, kona zote nne zina giza kama mtu anachungulia kwenye bomba, na nilipogusa ile setingi ya kuondoa giza, kamera yangu ya megapikseli 24 ikawa inatoa picha za megapikseli 10. Hela ilishatoka.

Naandika haya kwasababu vijana wengi wanahamia fulfremu sasa hivi, hasa hizi Sony a7 III na Canon za R za mtumba, na naona wanapita palepale nilipopita. Mmoja anaambiwa lenzi ambayo si ya kampuni ya kamera ni feki, mwingine anaambiwa chukua yoyote mradi inaingia, mwingine anaamini kadri namba ilivyo ndogo ndo kadri lenzi ilivyo nzuri. Zote tatu zinakula hela za watu.

Fulfremu ni nini kwanza. Ndani ya kamera kuna kile kibapa kinachopokea mwanga, sensa. Kwenye fulfremu kina milimita 36 kwa 24, sawasawa na kipande kimoja cha ile filamu ya zamani ya mm 35. Kamera za kropu zina sensa ndogo zaidi, kama 23.5 kwa 15.6, na Canon za kropu ndogo kidogo hata ya hapo. Basi, tofauti kubwa ni eneo tu, fulfremu ina eneo zaidi ya mara mbili.

Sasa lenzi haipigi picha ya mstatili. Inamwaga duara la mwanga, kama tochi unavyoimulika sakafuni. Weka mkeka sakafuni umulike na tochi kubwa, mkeka wote unapata mwanga mpaka kona. Chukua tochi ndogo, katikati kunawaka na kona zinabaki giza. Mkeka ndo sensa. Kutoka kona hadi kona sensa ya fulfremu ina karibu mm 43, ya kropu ni kama mm 28, kwahiyo mtu aliyetengeneza lenzi kwa ajili ya kropu katengeneza tochi ya mkeka mdogo, na hakukosea, wewe ndo umeileta kwenye mkeka mkubwa. Ile setingi ya kuondoa giza inachofanya ni kukunja mkeka wako. Unabaki na chini ya nusu ya ulichonunua.

Na kuijua mapema ni rahisi mno, iko kwenye maandishi ya lenzi yenyewe. Sony wakiandika FE ni fulfremu, wakiandika E peke yake ni kropu. Sigma: DG ni fulfremu, DC ni kropu. Tamron za sasa za kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless): Di III ni fulfremu, Di III-A ni kropu, na zile za zamani za DSLR, kamera zenye kioo hicho, ni Di kwa fulfremu na Di II kwa kropu. Canon: EF na RF ni fulfremu, ukiona EF-S au RF-S ni kropu. Nikon wakiandika DX ni kropu. Yaani herufi moja au mbili tu ndo zilinitia hasara, na zilikuwa pale pale ubavuni, nilizisoma nyumbani badala ya dukani.

Kuingia kwenye kamera si ushahidi wa chochote. Soketi ya ukutani inapokea plagi ya pasi na plagi ya chaja ya simu, haijali umechomeka nini.

Haya, milimita. Namba ya mm kwenye lenzi inakuambia upana wa unachoona, ndogo ni pana, kubwa ni nyembamba. Ila namba hii watu wanaitaja hewani tu, mimi naigeuza kuwa mita kwasababu ukumbi unapimwa kwa mita. Kwenye fulfremu chukua 36, gawanya kwa mm za lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama, unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha ukiwa umelaza kamera. Ukisimama mita tatu, lenzi ya 35mm inakupa mita tatu na kidogo. 28mm inakupa karibu mita 3.9, 24mm mita 4.5, 20mm mita 5.4, 16mm mita 6.75, 14mm mita 7.7.

Angalia hapo kati ya 16 na 14, milimita mbili tu lakini umeongeza karibu mita nzima. Kwenye lenzi ndefu, kati ya 70 na 72 unaongeza au kupoteza sentimita nne. Kwahiyo upande wa mapana kila milimita moja ina uzito, na mtu akikwambia 17 na 20 ni kitu kilekile anakudanganya bila kujua.

Turudi kwa wale ndugu kumi na wawili. Mtu mmoja akisimama bega kwa bega ni nusu mita hivi, kumi na wawili ni mita sita. Nilikuwa mita nne na nusu kutoka kwao. Piga hesabu ya 24mm: 36 gawanya kwa 24 ni moja na nusu, mara nne na nusu, unapata mita 6.75. Walikuwa wanatosha wote na nafasi inabaki. Nilikimbilia 10-18 wakati shida yangu ilikuwa 24mm. Hesabu hii ningeifanya Jumamosi ileile usiku nisingeamka Jumatatu na haraka ile.

Na kuna sababu nyingine ya kutokimbilia namba ndogo, hii ndo wapiga picha wa harusi wanatakiwa waijue kabla ya kitu chochote. Lenzi pana ya kawaida inachora mistari iliyonyooka ikae imenyooka, na ili ifanye hivo lazima ivute vitu vilivyo pembeni. Kwa 16mm, kichwa cha mtu aliyesimama ukingoni kabisa mwa picha kinapanuka karibu mara moja na nusu ukilinganisha na urefu wake. Kwa 24mm kinapanuka kama robo. Kwa 35mm ni kitu kidogo sana, wengi hawakioni. Hii ni jiometri, lenzi ya dola 200 na lenzi ya dola 2,000 zote zinafanya vilevile, hakuna kioo cha bei kubwa kinachoondoa. Shangazi umemweka pembeni kwenye 16mm, shavu litavutika na bega litavutika, na atakuuliza kwanini umemnenepesha. Kwahiyo ukiwa na 16 waache watu kati, pembeni weka mapambo, meza, ukuta. Na kama kuna nafasi ya kurudi hatua mbili utumie 24, rudi.

Lile la pua kubwa nalo ni hadithi nyingine. Wanasema lenzi pana inakuza pua. Kinachokuza pua ni kusogea karibu. Ukiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya umbali wote, lazima ionekane kubwa. Rudi mita mbili na lenzi ileile, ukikata picha ibaki uso tu, pua inarudi ukubwa wake. Lenzi pana inakushawishi usogee, hilo ndo kosa lake pekee.

Sasa hili la feki. Feki ni kitu kinachojifanya kingine, boksi limeandikwa jina la kampuni fulani na ndani si yao. Lenzi ya Tamron imeandikwa Tamron, haijifanyi Sony. Toyota haitengenezi matairi, na sijawahi kusikia mtu anasema gari lenye Bridgestone lina matairi feki. Tamron iko Japani tangu 1950, na Sony wenyewe wana hisa ndani yake. Sigma ilianzishwa 1961, lenzi zake zinatengenezwa kiwandani Aizu, mkoa wa Fukushima. Samyang ni ya Korea Kusini. Viltrox na Laowa ni za China, hizi ni changa zaidi, na kwenye lenzi pana Laowa wamefanya mambo ambayo kampuni kubwa hazijagusa. Kampuni za kamera nazo zinategemea programu siku hizi kusahihisha picha: Canon RF 16mm f/2.8, ambayo ni ya Canon wenyewe, ukiangalia faili ghafi (RAW) bila marekebisho inapinda sana na kona zake ni giza, kamera ndo inanyoosha. Sisemi ni lenzi mbaya, ni nzuri na ni gramu 165 tu. Ila anayekwambia ya kampuni ya kamera haina kasoro hajawahi kufungua faili ghafi.

Tofauti ya kweli ipo, nisiifiche. Kwenye kamera kama Sony a9 na a1, lenzi za kampuni nyingine zinaishia picha 15 kwa sekunde, za Sony zinaenda zaidi. Ukija kuuza, bei inashuka zaidi. Na kipande hadi kipande vinaweza kutofautiana, hasa kwenye zile za bei ya chini kabisa, wewe na rafiki yako mkanunua lenzi ileile, yake ikawa kali kona zote na yako upande mmoja umelegea. Hilo la mwisho ndo kubwa, nitalirudia.

Baada ya hapo ni mdomo wa kamera, maunti, pale lenzi inapokaa. Hapa kamera uliyonayo inaamua nusu ya mambo. Sony walitoa maelezo ya msingi ya E-maunti kwa watengenezaji wengine bila malipo mwaka 2011, ndomana ukiwa na Sony unachagua kama uko Kariakoo, kila duka lina kitu. Canon wakaenda njia tofauti na RF. Mwaka 2022 walisema Viltrox inakiuka hataza (patent) zao, na lenzi zile za otofokasi, yaani zinazojitafutia fokasi zenyewe, zikaondoka sokoni, halafu Aprili 2024 Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za RF kwa leseni lakini zilikuwa za kropu. Kwahiyo ndugu yangu mwenye R6 au RP, kwako njia ya bei nafuu ni adapta ya EF kwenda RF na lenzi za DSLR za zamani. Adapta hii haina kioo ndani, ni kama kipande cha bomba kinachorudisha umbali uliokuwepo enzi za DSLR na kupitisha mawasiliano ya umeme, haipunguzi ubora wa picha hata kidogo. Kwa mfano Tamron 17-35mm f/2.8-4 Di OSD ya 2018, gramu 460 tu, inafaa kabisa kwa njia hiyo. Wenye Nikon Z nao wana adapta ya FTZ, ila muwe makini, FTZ haina ile mota ya kuzungusha lenzi za zamani za skrubu, hizo zitaingia lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya kamera isiyo na kioo haiwezi kurudi kwenye DSLR ukapata picha ya kawaida.

Ile f/2.8 au f/4 ni tundu la mwanga. Chukua mm za lenzi gawanya kwa hiyo namba, 28 kwa 2.8 ni tundu la milimita 10, 28 kwa 4 ni milimita 7. Kwa mwanga f/2.8 ni mara mbili ya f/4. Ukumbini watu wanacheza, taa za rangi, unaihitaji 2.8. Kwa anayepiga nyumba za kupangisha Paje au vyumba vya hoteli, kamera iko kwenye stendi na kitanda hakikimbii, atapigia f/8, asilipie tundu asilolitumia.

Nikiulizwa nini ninunue, mwenye Sony anayepiga harusi namwambia Tamron 17-28mm f/2.8, ya mwaka 2019, gramu 420. Sigma 16-28mm f/2.8 ya 2022 ni ndugu yake, gramu 450, inapata milimita moja zaidi upande mpana, na kama nilivyosema milimita moja huku si ndogo. Zote zilitoka kwa dola 899 wakati Sony 16-35mm GM ya kwanza ilitoka kwa dola 2,199. Zote mbili ukizumu hazirefuki, kwa wanaoweka kamera kwenye gimbo, kile kishikio cha kutuliza kamera, hiyo ni raha, huhitaji kupanga mizani upya. Na zote zinakubali filta za kawaida mbele, 67mm na 72mm. Hili la filta watu hawalihesabu, lenzi zilizotokeza kioo mbele kama yai hazifungi filta ya kuzungusha, na mfumo wa kuzifungia filta unaweza kugharimu hela ambayo ungeongeza ukapata lenzi bora.

Asiyefika bajeti hiyo asijisikie vibaya, aangalie Viltrox 20mm f/2.8. Gramu 157, inakaa mfuko wa koti, ina otofokasi, na mpya inapatikana chini ya dola 200. Hii kwangu ndo imebadilisha mambo, maana 20mm ni upana wa kweli, mita 5.4 ukiwa umesimama mita tatu, bila kuharibu watu wa pembeni kama 14 inavyofanya. Samyang 18mm f/2.8 ya Sony nayo ni nyepesi, gramu 145. Tamron 20mm f/2.8 picha zake nzuri na inasogea karibu sana na kitu, lakini mota yake ni ya polepole na ina kelele, ukirekodi video na maiki ya kamera utaisikia, kwa picha tu haina shida.

Halafu kuna Samyang 14mm f/2.8 ya fokasi ya mkono, ile ya miaka mingi. Hiyo ni ya anga, milima na bahari. Kwa 14mm ukiweka f/8 na fokasi mita moja, kila kitu kuanzia kama nusu mita mpaka upeo wa macho kinakuwa kikali, kwahiyo kukosa otofokasi hakuumizi. Usiamini namba zilizochorwa kwenye pete yake, kuza kwenye skrini uhakikishe. Kwa nyota gawanya 500 kwa mm, unapata sekunde 35 hivi kabla nyota hazijaanza kuvuta mkia. Ila usiipeleke kwenye majengo, mistari yake inapinda kama masharubu, inatokeza katikati halafu inarudi ikienda pembeni, na bila profaili yake kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, hainyooki.

La mwisho, kupima kabla ya kulipa, hasa mtumba. Pwani yetu ina unyevu na lenzi inaota fangasi ikikaa kwenye begi miezi. Baada ya ile hasara yangu niliporudi kununua nilikuwa na vitu viwili, simu na gazeti. Tundu nikalifungua lote, nikawasha tochi ya simu nikamulika kutoka nyuma ya lenzi, nikaangalia kutoka mbele kwa pembeni pembeni. Vumbi dogo halina neno. Lenzi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba kwenye ukingo wa kioo cha ndani, zimesambaa kama utando wa buibui, ukiiangalia kawaida huoni chochote, na nje ilikuwa inang'aa kama mpya. Nikairudisha.

Ya pili ikawa safi. Nikabandika gazeti ukutani, kurasa mbili zimefunguliwa, nikasimama nimelenga katikati, kamera sambamba na ukuta, 17mm, f/2.8, fokasi katikati. Kisha nikakuza kona moja moja. Kona kulegea kidogo kwa f/2.8 ni kawaida kwa karibu lenzi zote pana, unachotafuta ni zilegee sawasawa. Kushoto ikisomeka na kulia ikawa ukungu, na ukirudia kwa makini inatoka vilevile, vioo vya ndani havijakaa sawa, na hiyo huwezi kuirekebisha nyumbani. Juu kushoto nilisoma jina la ukurasa, chini kulia nilisoma bei za mahindi, juu kulia na chini kushoto herufi zilikuwa na wepesi uleule. Kabla ya kutoa hela nikageuza ubavu nikasoma herufi zilizoandikwa pale: Di III, bila A.